Kasha la Tisa na Kasha la Kumi

Élisabethville, Jumapili mchana

Mumba mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na mama yako yuko kwa jirani anakaanga karanga. Nimebaki na nyumba peke yangu kwa saa chache, basi nimeketi kuandika. Mambo ya koti, ya sabuni, ya kufunga sanduku kwa kamba, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho kituoni atakuambia tena. Mimi nina jambo lingine ambalo nimeshindwa kulitoa mdomoni tangu Alhamisi.

Alhamisi, tukiwa tunakula, ulisema treni itasimama muda mrefu Luluabourg, na wewe utashuka umtafute Papa Kabeya anayefanya kazi pale stesheni. Ulisema: "Atafurahi kuona mutoto wa ule muntu alimutetea." Mama yako alipiga makofi. Kesho yake akaanza kutafuta karanga za kumpelekea. Mimi niliinamia sahani. Uliniona, ukaniuliza kama ninaumwa.

Siumwi. Umekua ukisikia kwamba baba yako alipoteza kazi ya kwenye mashimo kwa sababu alimtetea Mkasai aliyeonewa. Majirani wanasema hivyo. Padre alisema hivyo siku moja mbele ya watu wote, na watu wakageuka kunitazama. Nusu ya habari hiyo ni kweli. Nataka uijue nusu nyingine kabla hujakanyaga Luluabourg.

Unajua mimi ni mtu wa kushuku. Barua ya kazi yako ilipofika niliisoma mara tatu, kisha nikaipeleka kwa watu wawili wanaojua Kifaransa kunishinda, kila mmoja siku yake, nione kama watanisomea maneno yale yale. Walinisomea yale yale, na bado sikutulia. Kwa nini watu wanaotafuta mafuta kule Moanda, mto unapoingia baharini, wamtake kijana kutoka nchi ya shaba? Ulinijibu kwamba mwalimu wako aliwaandikia kuwa mwandiko wako ni safi na huchoki kupima. Jibu hilo nimelipokea. Kuliamini ni jambo jingine.

Wewe ulijua namna ya kunituliza. Ulichukua tofali moja kule ninakosimamia watengeneza matofali, ukalimiminia kikombe cha mafuta ya taa. Tofali likanywa yote, na baada ya muda juu likaonekana kavu kabisa. Ukasema: "Baba, mafuta haikae chini kama ziwa. Iko ndani ya jiwe, mu vitundu kidogo-kidogo." Ukanieleza kwamba shimo likishatobolewa wanateremsha chombo kwa waya mrefu, nacho hupima jinsi mawe yanavyopitisha umeme, huku juu kalamu ikichora mstari kwenye karatasi ndefu kuliko nyumba yetu. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, mafuta yanaukataa. Pale mstari unaporuka, watu wanafurahi.

Nikakuuliza: na kama ni maji matamu? Na kama ni jiwe gumu lisilo na vitundu hata kimoja? Si yote yatakataa umeme vilevile?

Ulicheka. "Njo maana banatoa karoti, baba."

Ulilisema neno hilo kama neno la kawaida. Mimi nilikuwa sijalisikia chini ya paa letu kwa miaka mingi, kwa sababu nililikwepa. Karoti, lile jiwe la mviringo ambalo mashine hulikata huko chini na kulipandisha juu likiwa zima. Kumbe hata kwenye mafuta wanaliita hivyo. Utazipanga karoti kwenye makasha, utaandika kina chake, utaziweka kando ya ile karatasi ya waya, na mabwana watatazama vyote viwili ndipo waamue kama chini kuna mafuta ya kutosha. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa yangu, isipokuwa mimi nilikuwa kwenye shaba. Sasa sikiliza nilivyoifanya.

Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Niliajiriwa na kampuni ndogo ya kutafuta shaba, ambayo imekwisha kufungwa na jina lake halitakusaidia kitu. Tulikuwa tunatoboa upande wa njia ya Kinsevere, na kambi yetu ilikuwa mahema na kibanda kimoja kirefu cha mabati. Kibanda hicho kilikuwa changu. Karoti zikitoka shimoni nilizipanga kwenye makasha ya mbao, kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anavyosoma, na mwisho wa kila safu niliweka kibao chenye namba ya kina. Bwana mkubwa wetu alikuwa mtaalamu wa mawe. Tulimwita Bwana Lupe, kwa sababu ya kioo cha kukuzia, ambacho kwa Kifaransa huitwa lupe, kilichoning'inia shingoni mwake. Alikuja mara moja kila baada ya wiki mbili, akasoma makasha yangu, akaenda.

Lakini hakusoma makasha peke yake. Alisoma na kitabu cha shimo, na kitabu hicho kilikuwa cha Kabeya. Kabeya alisimama karibu na mashine kutwa nzima. Aliandika mabomba mangapi yameingia, mahali mashine ilipokwenda haraka na ilipolia, na maji yaliyorudi kutoka chini yalikuwa na rangi gani. Mimi nilikuwa na jiwe, yeye alikuwa na maandishi. Bwana Lupe alitaka vyote viwili vikubaliane.

Sikumpenda Kabeya. Nikikuambia sababu utaona aibu kwa ajili yangu, lakini nitakuambia. Alitoka Kasai, na sisi wenyeji tulisema wamekuja kula kazi zetu. Alisoma gazeti la Kifaransa. Wakati wa chakula alikaa peke yake. Siku moja Bwana Lupe alimwita "monsieur", labda kwa kusahau, na mimi nilikaa na neno hilo kifuani mwezi mzima. Zaidi ya yote, alipoandika alizungushia kitabu mkono, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Nikajiambia: huyu anaandika habari zetu, anatuuza kwa bwana. Kila alipoinua kalamu nilitazama kama macho yake yananielekea.

Basi mvua ilinyesha siku mbili, na makasha ya shimo la saba yalikuwa bado kule mashineni. Tuliyapakia kwenye lori kuyaleta kibandani. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Kwenye bonde lori liliyumba, na makasha mawili, la tisa na la kumi, yakateleza nyuma yakaanguka. Karoti zote zilimwagika kwenye matope.

Dereva alishuka, akatazama, akashika kichwa. "Panga tu, ndugu. Mi sikuone kitu, na weye hukuone kitu."

Nilizipanga. Vipande vilivyovunjika karibuni vinaingiana, ukivikutanisha unahisi jino limekaa mahali pake. Hivyo nilivirudisha vizuri. Lakini vingine vilikuwa vimesagika mwisho, haviingiani na kitu. Hivyo nilivigawa kwa kukisia. Vilikuwemo vipande vya kijani, jiwe lenye shaba, na kadhaa kati ya hivyo niliviweka kasha la tisa kwa sababu huko ndiko nafasi ilikobaki. Kibandani niliosha matope, nikaweka vibao upya. Ukitazama, lilikuwa kasha zuri kuliko yote. Sikumwambia mtu.

Mwanangu, wiki ile ningeweza kusema. Ningekaripiwa, labda ningekatwa posho ya chakula, mambo yangeisha. Nilinyamaza, na baada ya siku chache nikaanza kuamini kwamba vipande vilikuwa pale tangu mwanzo. Usiniulize inawezekanaje. Inawezekana kwa urahisi mno.

Bwana Lupe alipokuja aliweka kitabu cha Kabeya juu ya kasha la tisa, akasoma, akasoma tena. Kasha lilisema kijani kinaanza mita sabini. Kitabu kilisema maji yalirudi meupe hadi mita themanini na nne, ndipo yakageuka kijani. Akatuita wote wawili.

"Nani iko nasema bongo? Nani iko nadanganya?" aliuliza. Alijua Kiswahili chetu vizuri, hata matusi yake.

Kabeya alisema: "Bwana, niliandika vile niliona."

Mimi nilisema kasha langu halijaguswa na mtu. Hapo palitosha kuwa uongo. Lakini niliongeza neno ambalo hakuna aliyeniuliza. Nilisema: "Kabeya anaandikaka magaribi, kwa kukumbuka. Nilimuona."

Neno hilo lilikuwa kweli. Siku moja Kabeya alikuwa na homa, akaenda kulala hemani, na magharibi akaamka akajaza ukurasa wa siku hiyo kwa kuwauliza watu wa mashine. Siku moja tu, na ilikuwa shimo la tano. Nilichukua ukweli wa shimo la tano nikaupeleka kwenye shimo la saba, kama nilivyochukua jiwe la kasha la kumi nikaliweka kwenye la tisa.

Kabeya alinigeukia. Hakupiga kelele. Alimwambia Bwana Lupe: "Tafazali, bwana, fungua kitabu. Angalia pembeni." Bwana Lupe alikuwa amekwisha kukifunga. Alisema amemsikia mtu wa makasha, inatosha. Kesho yake Kabeya na mke wake walibeba vitu vyao hadi barabarani. Katika kitabu chake cha kazi waliandika kwamba si mwaminifu. Wakati ule, mtu mwenye maneno hayo kwenye kitabu chake hakuna mlango ungemfungukia mjini.

Na kitabu cha shimo nikapewa mimi. Nilipandishwa, Mumba. Mama yako alipika kuku.

Walitoboa shimo jingine hatua chache kutoka lile la saba, kuhakikisha. Sasa nilisimama mimi mashineni na kalamu. Mita sabini zilipita, maji meupe. Sabini na tano, meupe. Kwenye themanini na nne maji yaligeuka kijani mbele ya macho yangu.

Nilirudi kibandani nikafungua kurasa za nyuma, zile alizokuwa akizizungushia mkono. Nilitafuta majina yetu. Sikuona jina la mtu aliyechongewa. Niliona namba zilizofutwa na kuandikwa upya, mara mbili, mara tatu, mpaka karatasi imechakaa. Alikuwa anaona haya kwa kufutafuta kwake, basi. Na pembeni mwa ukurasa wa shimo la saba, kwa penseli, palikuwa na mstari mmoja: *Kasha 9 na 10 zimefika na matope. Kuuliza Mwansa.*

Kuuliza Mwansa. Alikuwa ameona. Alitaka kuniuliza kwanza kabla ya kusema kwa bwana, na hakupata nafasi, maana kila aliponikaribia niliondoka.

Nilipomwonyesha Bwana Lupe maji ya kijani alifuta namba kwenye mchoro wake, akaandika nyingine. Nikamwambia habari ya lori. Akaniambia shauri lile limekwisha, nisilifukue. Alikuwa amekwisha kutuma barua kwa wakubwa wake kwamba karani alikuwa mbaya. Angeandikaje barua nyingine kwamba mbaya alikuwa yeye mwenyewe, aliyekataa kufungua ukurasa?

Nilimkuta Kabeya mjini, kwa binamu yake, akishona viraka vya magunia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea anitukane au anipige. Alisema: "Andika. Tia sahihi. Maneno ya mudomo itanisaidia nini?"

Niliomba siku mbili. Nilikaa wiki tatu. Kila siku niliandika kwenye kitabu chake cha shimo, na mkono wangu, nakuambia, ulikuwa umejifunza kukizungushia. Nilimshuku hata wakati huo. Nilijiambia anataka karatasi hiyo anifunge, au aombe kazi yangu. Nilitafuta ubaya kwake kama mtu anayetafuta kitu gizani, na sikuupata, na sikuacha kutafuta. Mwisho nilichoka mwenyewe. Niliandika, nikampelekea.

Aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Akasimamisha kidole. "Hapa umeandika makumi munane na tano. Ilikuwa makumi munane na ine. Andika tena."

Nikaketi nikaandika tena ukurasa mzima. Alikuwa hana kazi, mke wake alikuwa mgonjwa chumba cha pili, na hakukubali karatasi ya kumwokoa iwe na kosa la mita moja.

Alipoipeleka kwa wakubwa, mimi nilifukuzwa siku ile ile. Bwana Lupe aliniambia: "Ulisema bongo mara ya kwanza, sasa unasema ni bongo. Nitaamini gani?" Kabeya hakurudishwa. Lakini walifuta lile neno kwenye kitabu chake cha kazi, na kwa kitabu safi alipata kazi ya reli, wakampeleka Luluabourg, karibu na kwao. Wanawake waliosikia kwamba nimefukuzwa kwa sababu ya karatasi ya Mkasai walimpa mama yako pole, na mama yako akajivuna, na habari ikakua. Sikuipanda mimi. Niliiona inaota nikaiacha.

Sasa unakwenda kusimama mahali niliposimama, na kuna mambo machache ninayoyajua, uyatumie au uyaache.

Jiwe laini ndilo linalopotea. Kwenye shaba, udongo mzuri wenye mali ulioshwa na maji ya mashine, kasha likajaa mawe magumu yasiyo na kitu. Nadhani kwenu itakuwa vibaya zaidi, maana umeniambia mchanga unaokunywa mafuta vizuri ndio unaomomonyoka. Ukipata nusu ya kilichokatwa, usisogeze vipande vijaze kasha. Weka kipande cha mbao kirefu sawasawa na kilichokosekana, andika: hapa hakuna. Watu wataona pengo lako wakunje uso. Waache.

Na karoti yako isipotoa mafuta, usiseme haraka kwamba hayapo. Jiwe likipanda kutoka chini linapumua, mafuta yanatoka njiani, na matope ya kuchimbia yanaingia mahali pake. Ulinieleza haya mwenyewe ukiwa na tofali mkononi. Usiyasahau siku bwana atakapotaka jibu kabla ya chakula cha mchana.

Karatasi ya waya nayo ninaishuku, nisamehe. Mabomba yanahesabiwa na watu, na waya unavutika kwa uzito wake. Jiwe moja litapata vina viwili. Tafuteni tabaka ambalo haliwezi kufichika, ambalo karatasi inalionyesha na kasha linalionyesha, mkutanishe hapo. Na mkisogeza, andika mmesogeza kiasi gani na nani aliamua. Vikigombana, kasha na karatasi, usikimbilie kuuliza nani mwongo. Uliza kwanza vilipita njia gani hadi kufika mezani, na mikono gani ilivigusa. Anza na mikono yako. Mimi nilikuwa na shaka ya kutosha kuwashuku watu wa mikoa miwili, na haikubaki hata chembe kwa ajili yangu.

Kuhusu Luluabourg. Sikukatazi kushuka. Ukimkuta, usimwambie wewe ni mtoto wa mtu aliyemtetea. Sema wewe ni mtoto wa Mwansa wa makasha, unyamaze, umwache achague kama atakupa kiti. Hajawahi kuniandikia. Mimi nilimwandikia mara moja, na sijui kama alipokea. Karanga mpe au usimpe, utaona mwenyewe.

Nimeandika kurasa hizi kwa siri, na nimeona kwamba siri ndiyo iliyonila. Mama yako hasomi. Amerudi sasa hivi, anafunga sufuria. Kabla sijatia karatasi hizi kwenye bahasha nitamsomea zote, hata pale pa kuku. Kwa hiyo ukiipokea barua hii, jua ameisikia.

Baba yako,
Mwansa

Nimemsomea. Aliketi mlangoni, mikono magotini. Nilipomaliza nilingoja. Alivuta kiti karibu na meza akasema: "Soma tena. Polepole."